Jina Kwenye Kiitikio

Sura ya Saba

Inspekta Agnela Mosha alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na kwa miaka yote aliyoimba hakuna mwalimu wa kwaya aliyewahi kumwambia apaze sauti mpaka koo lichanike. Ndiyo maana siku ya kwanza aliposikiliza albamu ya *Vumbi la Kisongo*, ofisini, kwenye simu ya Koplo Yona, aliuliza kama spika imepasuka. Yona alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ndivyo inavyopigwa, afande," alisema. "Hiyo ni roki ngumu."

Hayo yalikuwa ya wiki iliyopita, wakati kituo kizima kikiamini kwamba Lemburis Laizer, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Chuma Moto, amejificha mahali fulani ili albamu yake ipate wasikilizaji. Vijana wanaita kiki. Msanii anatoweka, mitandao inawaka, kisha anaibuka akiwa ameshiba na amevaa miwani mipya. Kabla hajatoweka albamu ile ilikuwa haina mwenyewe. Redio za mjini ziliikataa, watangazaji walisema ni makelele, na mhubiri mmoja wa soko la Ngaramtoni aliiita muziki wa kuzimu, akawaombea waliokwisha kuisikia. Baada ya Lemburis kupotea, bodaboda wote wa Sombetini waliiweka kwenye spika zao. Mhubiri yule Agnela alishamhoji na kumwachia. Wiki aliyopotea kijana, yeye alikuwa Singida kwenye mkutano wa injili, na mashahidi wake walijaa uwanja mzima.

Agnela alikuwa ameacha kuamini habari ya kiki kwa sababu moja ndogo. Simu ya Lemburis ilizimwa mchana aliotoweka na haikuwashwa tena, wala akaunti zake hazikuguswa kutoka simu nyingine yoyote. Alimwuliza Yona: msanii gani atakaa karibu wiki tatu bila kuchungulia watu wanasemaje juu ya albamu yake? Yona, ambaye huchungulia hata picha ya chakula chake imependwa na wangapi, alichukua funguo. Walipanda gari wakaenda Sombetini.

Studio ya Arnold Massawe ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani kuanzia sakafuni hadi juu, na paa la bati. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Umeme ukikatika kazi inasimama. Jirani akifiwa, kazi inasimama mpaka matanga yaanuliwe, na mwaka waliorekodi albamu ile majirani walikufa sana. Arnold alieleza hayo haraka haraka, akimsogezea inspekta kiti, kama mtu anayetaka maongezi yabaki kwenye hali ya hewa. Pembeni, juu ya boksi la spika, aliketi Tekla, mpiga gitaa la besi wa bendi, macho yamevimba.

"Nani alipanga kiki?" Agnela aliuliza kabla hajakaa.

"Kiki gani, afande?"

"Ile picha ya gitaa lililoegemezwa ukutani, na maneno 'Yuko wapi?' Ilitumwa kwenye ukurasa wa bendi jioni aliyopotea. Mama yake alikuwa bado hajajua kwamba amepotea. Nyinyi mlijuaje?"

Arnold alimtazama Tekla. Tekla hakumtazama.

"Ni mimi," Arnold alisema. "Albamu ilikuwa inakufa. Miaka miwili ya kazi. Nilimwambia akae wiki moja kwa rafiki yetu Ngaramtoni, azime simu, sisi tupige kelele huku. Alikubali shingo upande."

"Akafika Ngaramtoni?"

"Hakufika."

"Na mkaendelea kutuma mapicha."

"Tulifikiri ametuzidi ujanja. Kwamba anatufanyia kiki na sisi." Alielekeza kidole kwenye spika. "Watu walikuwa wanasikiliza, afande. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanasikiliza."

Agnela alitaka kumkaripia, akakuta hana nguvu ya kufanya hivyo. Kijana yule alikuwa amekonda, na shati lilimning'inia mabegani.

"Mara ya mwisho mlimwona wapi?"

"Hapa. Tulipiga ile picha ya gitaa, akaondoka mchana nalo mgongoni. Alisema anapitia Kisongo kwanza kumuaga mama yake, asije akapata presha kusikia amepotea."

"Mlipohojiwa mwanzo mlisema alikwenda moja kwa moja Ngaramtoni."

"Ningesema Kisongo, ningeulizwa anamuaga mama kwa safari gani. Kiki ingejulikana."

Kwa hiyo wiki tatu polisi walikuwa wakitafuta barabara ya Nairobi, upande wa Ngaramtoni, na kijana alikuwa ameshika barabara ya kwenda uwanja wa ndege, upande wa Kisongo. Yona aliguna. Agnela alimwomba Arnold amwekee wimbo wa sita, ule unaopigwa na bodaboda.

"Dramu za albamu hazikupigwa hapa," Arnold alisema akitafuta faili. "Mama mwenye nyumba angetufukuza. Tulizipigia Kisongo, kwenye ghala la mahindi la kina Lemburis, mahindi yalipokwisha. Lile ghala lina mwangwi wa ajabu. Kaka yake, Lemomo, ndiye aliyelitoa. Alitufagilia mwenyewe, na kila asubuhi alituletea maziwa. Ndege ikipita alikuwa anatoka nje kuitazama, halafu anatuambia imeshaondoka, pigeni."

"Kwa hiyo hakuwa adui wa muziki."

"Lemomo? Alikuwa shabiki wetu wa kwanza. Na wa pekee."

Alibonyeza. Magitaa yakaingia pamoja, mazito, na Agnela akajikunja kidogo kwenye kiti. Kisha Arnold alifanya jambo ambalo hakuombwa. Alizima vyombo vyote, kimoja baada ya kingine, ikabaki sauti ya Lemburis peke yake. Agnela alikuwa ameimba kwenye misa za wafu nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Akaijua ile sauti papo hapo. Haikuwa kelele hata kidogo. Kijana alikuwa analia, ila amejifunza kulia kwa ufunguo sahihi. Kwenye kiitikio hakukuwa na maneno mengine isipokuwa neno moja, likiitwa tena na tena, likipanda: Mepukori. Mepukori. Mepukori.

"Ni nani huyo?"

"Baba yake," Tekla alijibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Alikufa wakati Lemburis akiwa mdogo sana. Na kwao Wamaasai, afande, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena. Watasema baba yetu, mzee wetu, yule. Jina hapana. Wengi siku hizi wameacha, ila boma lao halijaacha. Lemburis aliniambia hajawahi kusikia mtu yeyote akimwita baba yake. Jina lenyewe alilisoma kwenye cheti chake cha kuzaliwa."

"Wimbo ulikuwa hauna kiitikio," Arnold alisema polepole. "Nilimwambia tafuta neno moja ambalo watu watalipiga kwa nguvu. Akasema liko, lakini haliruhusiwi. Nikamwambia liimbe. Mimi ni wa Machame. Kwetu babu akifa mtoto anapewa jina lake ili lisipotee. Niliona ni heshima, afande. Naapa niliona ni heshima."

"Kwetu Kibosho ni hivyo hivyo," Agnela alisema. Hata yeye angemshauri vilevile, na wazo hilo lilimuumiza. "Na Lemomo, lazima aliusikia. Wapi?"

"Sokoni Ngaramtoni, alipopeleka mbuzi," Tekla alisema. "Ilikuwa kabla Lemburis hajapotea, wimbo uko kwa bodaboda wachache tu wa pale. Kijana mmoja alikuwa ameuweka, wenzake wanaitikia, wanalipiga kelele jina la baba yake huku wanacheka. Alikuja hapa moja kwa moja. Akasema wimbo uondolewe. Lemburis akamwambia ukishatoka hauondoleki, uko kwenye simu za watu. Lemomo akasimama hapo mlangoni, akaondoka bila kuaga."

"Alikuwa amekasirika?"

Tekla alifikiri. "Alikuwa analia."

Boma la kina Laizer lilikuwa ng'ambo ya uwanja wa ndege, mahali ambapo vumbi hupanda na kila gari na kukaa juu ya kila kitu, hata juu ya majani ya mahindi. Kulikuwa na nyumba ya bati, nyumba mbili za udongo, zizi la miiba, na lile ghala, mlango wazi, tupu. Nyuma ya zizi ardhi ilikuwa imemong'onyoka ikafanya korongo refu linaloelekea Monduli. Jua lilikuwa limeanza kulala. Mlima Meru, nyuma yao, ulikuwa umejifunika.

Mama mzazi, Simaloi, aliwapokea mlangoni.

"Takwenya, yeyo," Agnela alimwamkia, akimwita mama kwa Kimaasai. Miaka aliyofanya kazi Monduli ilimfundisha angalau hilo.

"Iko," mama aliitikia, akatabasamu kwa mshangao, akamshika mkono hakumwachia. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno likichaguliwa. "Mmemwona Lemburis?"

"Bado, mama. Tunaendelea kutafuta."

"Kaa. Kunywa chai. Lemburis hapendi chai ya majani mengi, mimi napika hivi ya kwake, nyote mtakunywa ya Lemburis." Alimimina. Juu ya kimeza kulikuwa na kikombe kingine, cha bati, kimefunikwa kwa sahani. Agnela alikitazama. Mama alifuata macho yake. "Maziwa yake. Kila jioni naweka. Asubuhi nawapa watoto, jioni naweka mengine. Lemburis akija na njaa, asingoje."

Agnela aliinamia chai yake. Kwenye kazi hii mtu hujifunza kunyamazisha sura, lakini mkono wa yule mama ulikuwa bado umeshika wake, na ulikuwa na joto.

"Mama, ule wimbo wa Lemburis. Ulio na jina la mzee. Uliusikia?"

Simaloi aliuachia mkono ule. Alitazama mlangoni, kuhakikisha hakuna mtu.

"Niliusikia barabarani, pikipiki imepita. Nikaziba masikio," alisema. Kisha akashusha sauti. "Halafu nikazibua. Miaka mingi sijasikia mtu anamwita yule. Aliimba vizuri, Lemburis?"

"Aliimba vizuri sana, mama."

"Lemomo hajui kama nilizibua. Usimwambie. Yeye ndiye alibaki kama baba hapa. Alimbeba Lemburis mgongoni mpaka shuleni, mvua ikinyesha. Wimbo huo anauona vibaya sana. Lakini Lemburis akirudi nitawakalisha wote wawili hapa, waongee, yaishe."

Nje kengele za mbuzi zilianza kusikika. Agnela aliomba ruhusa akatoka, akamwacha Yona na kikombe chake cha pili.

Lemomo alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini hivi, shuka jekundu juu ya suruali, fimbo mkononi. Alikuwa anawaingiza mbuzi zizini akiwagusa mmoja mmoja mgongoni.

"Karibu, afande."

"Asante. Nimekuja kuhusu Lemburis."

"Najua. Kuhusu huyo kijana."

"Siku aliyopotea alikuwa anakuja hapa. Alikuja kumuaga mama."

"Hakufika kwa mama. Muulize mama."

"Nimekuuliza wewe. Kampuni ya simu imetupa orodha. Mtu wa mwisho kuongea naye ni wewe, mchana ule ule."

Mbuzi mmoja aligeuka nyuma. Lemomo alimrudisha kwa upole.

"Nilimpigia nimwambie mambo ya ule wimbo. Akasema anakuja. Basi. Mimi nilikuwa na mifugo."

"Mlielewana?"

"Mtoto wa mama alikuwa hasikii. Alikuwa mtu wa kichwa kigumu. Alikuwa na moyo mzuri, lakini kichwa kigumu."

Agnela alimsikiliza, na kitu kikaanza kumsumbua, hakujua ni nini. Alidhani ni lile *alikuwa*. Lakini watu wakikata tamaa husema hivyo, hata mama mmoja Mrombo aliyempoteza mwanawe alisema hivyo, na mwana akapatikana Tunduma mzima wa afya. Halikuwa hilo. Alirudisha maongezi nyuma kichwani, tangu lango la zizi mpaka hapo. Huyo kijana. Mtoto wa mama. Akarudi nyuma zaidi, mpaka siku ile kituoni, Lemomo alipomleta mama kutoa taarifa na kumsaidia kueleza. *Mdogo wangu. Huyu wa mwisho.* Koplo alipouliza jina, Lemomo alimgeukia mama, na mama ndiye aliyelisema.

Ndani ya nyumba ile mama alikuwa amemtaja Lemburis kwa kila funda la chai. Mwanawe mkubwa hakuwa amemtaja hata mara moja.

Agnela alikumbuka maneno ya Tekla kule studio. Alitamani awe amekosea. Alitoa kalamu.

"Nisaidie kitu. Majina ya mdogo wako. Nataka niandike sawasawa."

"Mnayo huko kituoni."

"Nataka kuyasikia kwako."

"Mama alikwisha kuwapa."

"Lemomo. Jina moja tu. La kwanza."

Lemomo alifunga lango la zizi kwa miiba, ikamchoma mkono, akautazama mkono ukitoka damu. Akaongeza mwiba mwingine juu. Agnela alikuwa na mtuhumiwa mbele yake, na alichokiona ni mtu aliyekuwa anaomboleza peke yake kwa wiki tatu, hana wa kumpa pole.

Wakati huo Simaloi alitoka nje. Alipita katikati yao kana kwamba hawapo, akasimama mahali njia inapotokea barabarani, akaweka mikono mdomoni.

"Lemburis," aliita. "Lemburis."

Watoto waliokuwa wanacheza karibu na ghala wakaitikia, wamezoea, ni mchezo wao wa jioni. Lemburis. Lemburis. Mama alijaribu tena, sauti ikakatika, akakohoa. Akageuka.

"Lemomo, niitie ndugu yako. Mimi sauti imekwisha. Ya kwako inafika mpaka lami."

Agnela alitaka kuingilia. Alipiga hatua, akasema, "Mama, twende ndani kwanza," lakini alisema kwa sauti ndogo, na Simaloi alikuwa anamtazama mwanawe.

"Muite," alisema.

Lemomo alifungua mdomo. Kifua chake kilijaa, mishipa ya shingo ikasimama, na watoto wakatulia wakisubiri. Hakuna kilichotoka. Alijaribu mara ya pili. Midomo yake iliweza hata kuanza, ikajikunja, na machozi yakaanza kushuka juu ya uso ambao haukusogea.

"Muite," mama alisema tena, safari hii polepole sana, kwa Kimaasai, na Agnela alielewa bila kutafsiriwa.

Fimbo ya Lemomo ilinyanyuka, ikaonyesha nyuma ya zizi, kwenye korongo. Kisha akaishusha.

"Nilitaka aniahidi tu," alimwambia Agnela, hakuweza kumwambia mama. "Kwamba watauondoa. Akasema baba ni wake pia. Nilimsukuma, afande. Kifuani, hivi, kwa mkono mmoja. Alikuwa na lile gitaa zito mgongoni, likamvuta nyuma. Nilishuka. Nilikaa naye mpaka akanyamaza. Nikamfunika kwa mawe, fisi wasimguse."

Yona alikuwa amefika mlangoni, kikombe mkononi. Agnela alimwashiria asisogee. Hakukuwa na haja ya pingu hapo, si wakati huo.

Simaloi alisimama pale pale njiani. Watoto walikuwa bado hawajaelewa, na mmoja akaanza upya, kwa furaha, akiita jina barabarani. Mama alimfuata, akamziba mdomo kwa kiganja, bila ukali, akamshikilia kichwa tumboni mwake. Kisha alimtazama inspekta.

"Yule mdogo," alisema. "Yule wangu wa mwisho. Kuna baridi kule chini."

Agnela alikuwa na jina mdomoni tayari. Alikuwa amelisema mara nyingi mno, kwenye simu, kwenye vikao, kwa watu wote. Alilimeza.

"Tutamtoa sasa hivi, yeyo," alisema. "Tutamleta mtoto wako nyumbani."